Rekoda ya Kutembea Nayo

Kilichoninyima usingizi kiangazi kile hakikuwa uvimbe wa shingoni kwa mama, ingawa ndio uliostahili. Ilikuwa rekoda. Nikilalia ubavu wa kulia nimekwisha amua kununua ile ya tepu kubwa. Nikigeuka kushoto uamuzi unageuka pamoja nami, sasa nataka ya kaseti. Nikijiridhisha kabisa, linazuka swali jingine. Je, ikiwa miaka kumi ijayo mashine za aina niliyoichagua zimekwisha duniani, nitabaki na nini? Nitabaki na utepe wa kahawia wenye sauti ndani yake, na hakuna mtu wa kuitoa.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikapangiwa kufundisha historia katika shule moja ya wasichana pale Tabora. Kwetu ni kijijini, magharibi ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli. Babu mzaa mama alikuwa mpagazi. Alibeba pembe, baadaye akabeba mizigo ya Wajerumani, na reli ilipomnyang'anya kazi akawa anabeba chumvi yake mwenyewe kutoka Uvinza. Mama, akiwa msichana mdogo, alimfuata nyuma na kifurushi chake kichwani. Huko njiani ndiko alikojifunza nyimbo.

Nikiwa chuoni niliandika mchezo wa redio juu ya wapagazi. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, ambaye alikuwa amepata kazi ya mitambo redioni Dar es Salaam, aliupeleka kwa wakubwa zake. Wakaupenda. Ila walisema hawataki kwaya ya shule. Wanataka nyimbo zenyewe, kutoka kwa mtu anayezijua, zikiwa zimerekodiwa kwenye tepu kubwa. Kaseti hawapokei. Kaseti, alinieleza mwenzangu, ni ya kustareheshea wageni sebuleni.

Mtu anayezijua alikuwa mama, na mama alikuwa na tezi. Alikuwa nayo tangu mimi niko darasa la kwanza, ndogo kama yai la kanga. Wanawake wengi wa kwetu wanazo, hatukuzihesabu kuwa ugonjwa. Lakini mwaka ule ilikuwa imekua ikaanza kumbana koo. Akilala chali pumzi inapita kwa mluzi. Daktari wa hospitali ya misheni alisema lazima ikatwe, na kwamba mpasuaji wa kazi hiyo hutoka mbali na huja mara chache. Angekuja mvua zikikaribia. Kisha akanivuta kando. Kuna mshipa mwembamba, alisema, unapita nyuma kabisa ya tezi, ndio unaoendesha sauti, na penye uvimbe mkubwa kama huu ni vigumu kuuona kabla kisu hakijaufikia.

Nilimtafsiria mama kwa Kinyamwezi, nikilainisha nilivyoweza. Alicheka.

"Nikiamka bubu," alisema, "wifi yako atashukuru."

Aliamka. Naandika haya akiwa hai. Anapika, anapalilia, na akitaka kuniita anagonga sufuria kwa mwiko, kwa sababu kinachotoka kinywani mwake ni upepo tu. Kwa hiyo msomaji asisubiri muujiza. Ninachosimulia ni majuma yale ya kabla, nilipokuwa na akiba ya kununua mashine moja na sijui ni ipi.

Zote mbili zilikuwa katika duka moja karibu na soko, la mzee wa Kihindi aliyeuza redio na kutengeneza saa. Ya tepu kubwa ilikuwa imeachwa na mzungu mmoja mpima madini aliyemaliza mkataba wake: sanduku zito la kijivu, visahani viwili juu, na sindano inayocheza unapoongea. Ya kaseti ilikuwa mpya, nyeusi, ndogo kama kitabu kinene, na mkanda wa ngozi wa kuvaa begani. Niliingia pale kila Jumamosi. Nikisha kusema shikamoo, naomba kuziona tena.

"Marahaba, mwalimu. Leo nitakutoza kiingilio," aliniambia siku moja bila kuinua kichwa kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua. "Sinema watu wanalipa. Wewe unatazama bure mpaka vioo vya duka vinachujuka."

Nilimuuliza mambo yaleyale, naye alinijibu kwa subira ileile. Tepu kubwa inakatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi, kwa hiyo mtu akikohoa unamtoa. Sauti yake ni safi. Lakini inataka meza iliyotulia. Ukiitikisa, sauti inayumba kama ya mlevi. Kaseti haikatwi, na nyuma ya kila kitu ina mvumo, kama mtu anapepeta mtama chumba cha pili. Lakini unaining'iniza begani na kwenda nayo popote, na kijana yeyote mwenye kaseti sebuleni kwake atakusikiliza. Mashine zote mbili zinakula betri, na betri mwaka ule zilipatikana kwa kujuana.

Mwalimu wa fizikia pale shuleni, kijana wa Igunga tuliyekaa nyumba za jirani, hakuwa na shaka hata kidogo. Kwake yeye kaseti ilikuwa kichekesho. "Inapoteza sauti za chini na za juu," aliniambia, "unabaki na za katikati. Mama yako ni wa katikati tu?"

Hilo lilinikosesha usingizi siku nyingine kadhaa. Nilijaribu kukumbuka sauti ya mama na kuigawa, ya chini, ya katikati, ya juu, na kadiri nilivyoigawa ndivyo nilivyozidi kutoisikia. Nilianza kuogopa kwamba ningeipoteza kabla ya kisu.

Mama alipokuja mjini kupimwa damu, mzee wa duka alikubali kuniazima ile kubwa kwa mchana mmoja, nikamwachia baiskeli yangu kama dhamana. Mwalimu wa fizikia akaibeba hadi stoo ya vitabu, mahali pa kimya kuliko pote shuleni. Tulitundika mablanketi madirishani. Tukamketisha mama kwenye kiti kizuri kilichotoka ofisini, kipaza sauti mbele yake juu ya rundo la vitabu vya jiografia. Alipakata mikono kama anayepigwa picha ya pasi. Visahani vikaanza kuzunguka.

Aliimba mistari miwili, akanyamaza. Akaanza upya, akafika palepale. Mara ya tatu hakufika.

"Yanakimbia," alisema. "Maneno yalikuwapo, sasa hayapo."

Nilimpa maji. Nikamwambia ayaseme kwanza, asiimbe. Alijaribu, akachanganya wimbo wa kupanda mlima na wa kuvuka mto, akatikisa kichwa. Nilimuuliza kama ni tezi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji hayapandi.

"Wimbo huu hauimbwi umekaa. Ukikaa unakwenda wapi? Na huyu anayeitikia yuko wapi?"

Kwa maana ndivyo zilivyo nyimbo zile. Anayetangulia anatupa mstari, walio nyuma wanajibu kwa neno moja fupi mguu unapokanyaga, na jibu hilo ndilo linalomwonyesha wa mbele mstari unaofuata. Mimi, msomi wa historia, nilikuwa nimeliandika jambo hilo kwenye mchezo wangu, kisha nikamweka mama kwenye kiti.

Mwalimu wa fizikia alijitolea kuitikia. Akasimama nyuma ya kiti, akapiga miguu sakafuni kama yuko kwenye gwaride la sikukuu, mikono imenyooka. Mama aligeuka kumtazama, akaanza kucheka. Alicheka kweli, kicheko chake cha zamani, kisha kicheko kikageuka kukohoa, na kukohoa kukageuka kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alishika ukingo wa meza, mdomo wazi, na hewa haikuingia. Tulimwinua, tukampeleka mlangoni, tukampepea kwa daftari. Ilichukua muda mrefu mpaka mluzi uliporudi, na sikuwahi kudhani ningefurahi kuusikia.

Mashine ilikuwa bado inazunguka. Jioni, mama akiwa amelala, tuliirudisha nyuma kusikiliza. Ilikuwa nzuri kama ilivyosifiwa. Ilikuwa imenasa kila kitu: kucha zake zikikwaruza mbao, na hewa ikitafuta njia kwenye koo, safi kabisa, ya chini na ya juu. Mwalimu wa fizikia aliizima kabla haijafika mwisho, akaenda kwake.

Nilipoirudisha dukani nilimwambia mzee kwamba wimbo wenyewe unaimbwa mtu akitembea.

"Basi hii haitembei," alisema. "Hii na mimi ni mamoja. Tukikaa tumekaa." Kisha akaacha utani. Wanawe walikuwa wamekwisha ondoka nchini, naye alikuwa akifunga duka. Mfanyabiashara wa Nzega angekuja mwisho wa mwezi kuchukua vyote vilivyobaki. "Yule atachukua zote mbili, mwalimu. Hachagui kama wewe."

Jumamosi iliyofuata nilienda nyumbani. Nasema nyumbani kwa mazoea, kwa sababu nyumbani hapakuwapo tena. Kijiji chetu kilikuwa kimehamishwa kiangazi kile. Kaka yangu alikuwa ameezua paa letu kwa mikono yake kabla wanamgambo hawajafika, maana kwa jirani walikuwa wameezua wao, kwa kibiriti. Sikuwa mpinzani wa siasa ya vijiji. Nilikuwa naifundisha darasani, na chuoni nilikuwa nimeiandikia insha iliyopata alama nzuri. Sikuwa nimewahi kuona vibanda vilivyopangwa kwa kamba kandokando ya barabara, milango yote ikitazama upande mmoja, na watu waliolima pamoja maisha yao yote wamegawanywa wengine kijiji hiki, wengine kijiji kile. Wanawake waliokuwa wakimwitikia mama shambani wote walikuwa wamepelekwa upande wa pili wa mto.

Wifi alikuwa akikanda udongo wa ukuta. Nilimwamkia mwangaluka, akaitika, akanitazama begani.

"Hujanunua tu, wifi? Umesoma mpaka umesahau kuchagua. Mume utampataje?"

Mama hakuwapo. Kila asubuhi, wifi alisema, anarudi mahameni kule tulikotoka, analeta kilichobaki: nguzo, vigae vya mtungi, mtama uliokuwa ghalani. Wamemkataza, kaka amegomba, haambiliki.

Nikaifuata njia. Ni ileile ya misafara. Imechimbwa na nyayo hata katikati imekuwa kama mfereji, na hakuna aliyeilima hata baada ya miaka yote hiyo, kwa sababu jembe linaruka. Nilimwona mbele yangu, anarudi na mzigo, lakini alikuwa amepinda kwa njia ya mkato kwenye kichuguu, akaingia tena njiani akiwa amekwisha nipita. Hakuniona. Alikuwa anaimba.

Mistari yote ilikuwapo, kwa mpangilio wake, hata ile ambayo sikuwahi kuisikia. Kila hatua ilitoa neno lake. Kila mwisho wa mstari alinyamaza kwa hatua kadhaa, na mwanzoni nilidhani ni pumzi, kumbe sivyo. Pumzi ilikuwa inamsimamisha kabisa, anashika mti, mluzi unapita, kisha anaendelea. Ule unyamavu mwingine ulikuwa nafasi ya waitikiaji. Aliiacha wazi kila mara, akitembea ndani yake, akingojea jibu ambalo halikuwa linatoka popote, kisha anatupa mstari mwingine, kwa sauti ndogo kidogo kuliko ule wa kwanza. Alipofika kwenye mto mkavu aliacha kuimba katikati ya wimbo. Nilitembea nyuma yake mpaka kijijini, sikumwita.

Nilikuwa na jibu sasa, na bado sikuamua. Nilirudi mjini nikaanza upya. Mwalimu wa fizikia alishauri tuifunge ile kubwa kwenye baiskeli, juu ya godoro, tuisukume kando ya mama. Niliwaza mlio wa matairi, nikawaza mitikisiko, nikawaza mto mkavu. Niliwaza kwamba nikinunua kaseti mchezo wangu utakufa, na niliutumainia mchezo ule kama mlango wa kutokea, nisizeeke nikisahihisha madaftari. Tena niliwaza: mtoto gani anamtembeza mgonjwa na mzigo kichwani ili apate kurekodi? Kisha nikawaza kwamba anatembea hata hivyo, kila siku, bila mimi. Niliyazungusha hayo hadi Alhamisi.

Alhamisi mhudumu wa hospitali alikuja shuleni kuniambia mpasuaji amewahi. Anafika Jumatatu, wagonjwa wake wawe wodini Jumapili jioni.

Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikaenda dukani moja kwa moja. Ile kubwa ilikuwa mezani, imefutwa vumbi. Nilimwambia mzee anipe ya kaseti.

"Kweli?" Aliishika lakini hakuitoa. "Ngoja kidogo. Usije ukarudi kabla sijafunga droo."

"Nipe, mzee. Mama anaingia wodini Jumapili."

Hapo hakutania tena. Aliniwekea betri, akaijaribu kwa kuhesabu Kigujarati, tukasikiliza sauti yake na mtama ukipepetwa nyuma yake. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa betri nyingine, zimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amezificha kwa ajili ya tochi yake. "Chukua," alisema. "Huko ninakokwenda wanasema taa hazizimiki."

Ijumaa baada ya vipindi nilipanda lori la kuni hadi njia panda, nikamalizia kwa miguu. Asubuhi ya Jumamosi nilimwambia mama ninachotaka. Kaka alisikia, akatupa koleo.

"Keshokutwa anapasuliwa, wewe unataka abebe mzigo? Hayo ndiyo mliyofundishwa?"

Nilikuwa nimejiuliza hilohilo kwa maneno makali zaidi. Mama alikuwa amekwisha funga kanga kiunoni.

"Kwani nikikaa inapungua?" alimuuliza, akajishika shingo.

Nilidhani tungetembea mbele ya vibanda, na kikapu kitupu kichwani kwa ajili ya mwendo. Hakutaka hata kusikia. Mzigo wa uongo hauna wimbo, ndivyo alivyoniambia, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo. Kulikuwa na mzigo wa kweli uliobaki mahameni: jiwe la kusagia la bibi, ambalo kaka aliona halina haja tena, na kikapu kidogo cha mbegu za mtama. Tukaenda. Pale palipokuwa nyumba palikuwa mstatili wa udongo mwekundu na jivu la mafiga. Mama hakupatazama sana. Alisokota kata mbili za majani, akaniwekea moja kichwani, tukainua jiwe pamoja. Shingo yangu ilizama mabegani. Yeye akachukua kikapu.

Rekoda ilikuwa begani kwangu, kipaza sauti nimekifunga kwenye mkanda kifuani. Mama alikikagua kwa kidole.

"Hiki kinasikia?"

"Kinasikia."

"Basi mimi natangulia, wewe unaitikia. Usiponiitikia sitafika."

Sikumwambia nilichokuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Kama kaseti ingekuwa na sauti yake peke yake, bila mtu wa kuiharibu, huenda mwenzangu wa redioni angeihamishia kwenye tepu kubwa kwa siri, akawabembeleza wakubwa. Lilikuwa tumaini dogo, lakini lilikuwapo. Sauti yangu haina wimbo, kila aliyewahi kukaa karibu nami kanisani anajua, na kaseti haikatwi.

Nilibonyeza vitufe viwili. Mama akaanza kutembea. Akatupa mstari wa kwanza, na ulitoka mzima, na mguu chini ya kila neno. Akanyamaza kwa ajili ya jibu. Nilisikia kandambili zake, nikasikia mashine ikivuma. Sikusema kitu. Akatupa wa pili. Akanyamaza. Safari hii aligeuza kichwa kidogo, kadiri kikapu kilivyomruhusu, kisha akatazama mbele. Mstari wa tatu ulikuja polepole, na katikati yake neno moja lilikosekana, akakanyaga bila kitu. Niliona mkono wake ukipanda kwenye shingo.

Kipaza sauti kilikuwa karibu na kinywa changu kuliko chake. Alipofika mwisho wa mstari na kuacha nafasi, nilifungua mdomo chini ya lile jiwe, nikaitikia, kwa sauti yangu yote, na nikaendelea kuitikia mpaka tulipofika.